Bei Tulizovisomea Viti

Nilikwenda kumzika Wandera kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu udongo ukimwagwa. Sioni haya kuandika hivyo. Wengine waliokuja chini ya yale mahema walikuja kula, wengine walikuja kuonekana na waheshimiwa, na mjane na watoto walikuja kulia, ambayo ni haki yao. Mimi nilikuja kuhakikisha. Niliketi safu ya nne, nikapewa kijitabu cha ratiba chenye picha yake akitabasamu kwa meno yote, nikavumilia vizuri tu mpaka msomaji wa wasifu alipofika ukurasa wa pili akasema marehemu alikuwa mfanyabiashara shupavu aliyewalisha wagonjwa wa hospitali yetu kwa miaka mingi. Aliyewalisha! Mama aliyeketi kando yangu aliona nimeshtuka, akaniuliza kama nilimjua marehemu. Nikamwambia nilimjua sana. Akanipa pole, nami nikaipokea. Tangu siku hiyo mkono umekuwa ukiniwasha kuandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na minne na kazi ya kibarua katika ofisi ya ununuzi ya hospitali moja ya serikali huku kwetu Busia.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa plaiwudi. Upande wa dirisha alikaa Bwana Makokha, ofisa wa ununuzi, na feni yake na kiti chake cha kuzunguka. Upande wa giza nilikaa mimi na mafaili na sanduku la tenda. Lilikuwa sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao Makokha, wa pili mhasibu, ili asipatikane mtu wa kulifungua peke yake. Ungeliona ungedhani tunachunga dhahabu. Sasa nieleze kazi yangu ilivyokuwa. Hospitali ikitaka kununua kitu, unga au sabuni au mashuka, sheria ilisema tangazo libandikwe mahali pa wazi ili kila mwenye uwezo aje ashindane na wenzake. Basi nililibandika. Ubao ulikuwa nje ya maabara. Nilipachika pini nne, nikarudi nyuma hatua tatu, nikalipiga picha kwa simu ya Makokha ili picha itiwe kwenye faili iwe ushahidi, kisha nikang'oa pini zile zile na kulirudisha tangazo mezani. Shughuli nzima ilikuwa fupi kuliko ya mgonjwa kutolewa damu kidoleni. Siku ya mwisho ilipofika, dereva wa Wandera alileta bahasha tatu zilizofungwa pamoja kwa mpira mmoja: ya kampuni ya Wandera, ya kampuni ya mkewe, na ya kampuni ya shemeji yake. Walishinda kwa zamu. Tena sheria ilitaka bei zisomwe kwa sauti mbele ya washindani wote, na kwa kuwa Makokha hakupenda kuchosha koo lake, aliniachia mimi. Nilisimama katika chumba cha mikutano, wanakamati watatu wakichezea simu zao nyuma yangu, nikavisomea bei viti vitupu. Viti vilisikiliza vizuri sana. Havikuwahi kuuliza swali hata moja.

Je, nilijua ni wizi? Nilijua. Nilijua pia kwamba mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu na aliyeutia sahihi ni Makokha. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya maegesho ya malori, chenye kitanda, jiko la mafuta na ukuta uliotetemeka kila lori lilipowashwa, na mwisho wa mwezi nilikuwa naishi kwa uji wa Mama Amoit. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, Mteso wa kutoka Moding, mama mnene mwenye hatua za haraka, aliyekuwa akinisalimia "Yoga!", salamu ya Kiteso, kutoka ndani ya moshi kabla sijafika mlangoni. Jiko lake lilikuwa na sufuria mbili ambazo mtu angeweza kuoga ndani yake, na kwenye kona kulikuwa na kigoda ambacho wote tulijua ni changu. Alinipa uji wa mtama na mihogo wenye ukwaju, na siku nyingine atapa, ule ugali wao mweusi wa wimbi, na samaki wa kukaushwa kwa moshi waliopikwa na karanga. Nilikuwa nikila huku ananisema. "Wewe Ajiambo, hii mwili yako hata upepo ya lori itabeba." Sijawahi kula chakula kingine ambacho nilikitazamia vile, na nimekula hoteli kubwa tangu wakati huo.

Katikati ya mwaka Wandera alileta unga wa uji uliokuwa na unyevu. Ulikuwa umeshikana mabonge ndani ya magunia na ulinuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Mama Amoit alikuja ofisini na unga huo kwenye sahani, akauweka juu ya meza ya Makokha. Makokha alimwambia unga ulishapokelewa, apike. Siku ya pili akaja tena na sahani nyingine, akaambiwa tena apike, na kama hawezi kuna wengi wanaoweza. Alichekecha, akachemsha mara dufu, na wiki hiyo watoto wa wodi yao wakaanza kuhara na kutapika. Namshukuru Mungu hakufa mtoto. Lakini wazazi walipiga kelele, na kelele zikafika juu, na juu wakataka jina. Mchana huo Wandera alikuja mwenyewe. Nilikuwa upande wangu wa plaiwudi nikila mandazi, nami nilisikia kila neno.

"Kwani shida iko wapi?" alisema. "Hiyo unga si ilipokelewa?"

"Ilipokelewa, boss. Stakabadhi iko."

"Basi kama ilipokelewa ikiwa sawa, imeharibikia wapi? Imeharibikia jikoni. Mpishi ni kitu rahisi, Makokha. Mpishi anatoka leo, kesho unaokota mwingine hapo kwa geti. Huyo msichana wako apige barua."

Nilisikia soda ikifunguliwa. Kisha nikaitwa, nikapiga barua. Ilisema Mama Amoit aliuza unga mzuri ng'ambo, upande wa Uganda, akaweka mbovu mahali pake. Niliipiga bila kukosea hata herufi moja, mandazi yakiwa bado mdomoni. Kesho yake alisimamishwa getini mbele ya foleni ya wagonjwa, mlinzi akamimina kikapu chake chini: kitambaa cha kichwa, kisu cha kumenyea, viazi vitamu viwili. Akaokota kimoja kimoja bila kusema kitu. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani kwa Makokha, na Makokha aliniambia nifunge pazia.

Alienda Malaba, akapata kazi ya kupika kwenye hoteli ya mabati kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka. Nilimtembelea Jumapili baada ya ibada, nikiwa na sukari kilo mbili na uso wa kuomba radhi. Madereva walikuwa wakila, wabadilishaji fedha wakipita na vibunda vyao vya noti, naye alinikaribisha kama jana. Nikakiri mbele yake kwamba barua niliipiga mimi. Akasema alijua, nani mwingine pale angeipiga. Alichouliza kilikuwa kingine kabisa.

"Sisi kwa kikundi chetu Moding tuko na mashine ya kusaga. Wamama ishirini. Tungeuzia hospitali unga sisi wenyewe. Hiyo tenda hutangazwa wapi?"

"Kwa ubao ya maabara," nikasema.

"Mimi nimepita hiyo ubao miaka saba, Ajiambo."

Nikamweleza kila kitu: pini nne, picha, na jinsi ninavyobandua. Alinisikiliza huku akigeuza chapati. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililoniongoza miezi yote iliyobaki. "Mimi sitaki kazi yao tena. Nataka siku moja nipite hiyo geti na magunia yangu, yule mlinzi afungue mlango zote mbili, na waniandikie risiti. Mpaka hiyo siku mguu yangu haitaingia pale." Nikamwahidi siku hiyo ataiona. Niliahidi kwa hasira, na hasira inaahidi vizuri sana.

Kwa majuma kadhaa nililala na kuamka nikimwaza Wandera. Nilifikiria kumwandikia mkubwa fulani wa mjini, nikakumbuka kwamba barua za aina hiyo zilikuwa zikirudi kwa Makokha zikiwa na muhuri. Nilifikiria kumwaga sukari kwenye tangi la gari lake. Nilimwazia akihara. Halafu siku moja, nikiwa nimesimama mbele ya ubao na pini mkononi, tangazo la unga wa mwaka mpya likiwa limebandikwa, niliona kwamba kitu pekee ambacho mtu huyu hakuwahi kukutana nacho maishani ni sheria ikifuatwa. Nikaamua kumpiga nayo. Nilipiga picha kwa simu ya Makokha kama kawaida, kisha nikapiga nyingine kwa simu yangu. Jumapili iliyofuata katekista alisoma, baada ya ndoa zinazotarajiwa na kabla ya mbuzi aliyepotea, kwamba hospitali inatafuta watu wa kuleta unga wa uji, fomu ni bure, mwisho ni tarehe fulani saa nne asubuhi. Niliwapelekea wapentekosti pia, sikubagua. Nilipeleka Malaba, nikapeleka sokoni, nikampa kondakta mmoja karatasi aifikishe Budalang'i kwa vijana wenye kinu. Hakuna sheria niliyovunja. Lilikuwa tangazo la umma na mimi nililitangaza kwa umma.

Watu wakaanza kuja. Mama wawili wenye watoto mgongoni, mzee mmoja na baiskeli, vijana, wote wanauliza ofisi ya tenda ni ipi. Makokha alitoka upande wake akanitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe jikoni. "Hawa wametoa habari wapi?" Nikamwambia, "Si tangazo liko kwa faili, mkubwa, na picha?" Alirudi kwenye feni yake. Angesema nini? Jioni nilikuwa nikikaa na vikundi hivyo nje ya kantini, nikiwaonyesha cheti cha ushuru kinaombwaje na bahasha inaandikwaje, kwa sababu nilijua Wandera akikosa pa kushika atashika karatasi inayokosekana. Nilikataa jambo moja tu, kuona bei zao. Mama Amoit alinifuata mpaka chumbani kwangu siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, fomu ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. "Angalia tu kama nimejaza sawa, mtoto wangu." Nikarudisha mikono nyuma. Nikamwambia hapana, Mama, ifunge hivyo hivyo, mimi nataka kesho mtu yeyote akiniuliza nimeona bei ya nani, niape kwa Biblia. Nilijiona mtakatifu. Alitoa gundi, akaifunga mbele yangu.

Kesho yake sanduku lilijaa mpaka bahasha nyingine zikawekwa juu yake huku mhasibu akizilinda. Tuliazima mabenchi kliniki. Wandera alihudhuria usomaji wa bei mwenyewe kwa mara ya kwanza, amevaa suti ya kahawia, akaketi safu ya mbele, miguu imenyooshwa. Naamini alidhani sura yake ingetosha. Na Makokha, kwa mazoea, alinisukumia bahasha. Alikumbuka akiwa amechelewa. Nilikuwa tayari nimesimama. Nilisoma ya Wandera kwanza: shilingi mia moja na tisini kwa kilo. Nyuma mama mmoja akauliza kwa sauti, "Hiyo ni unga ama ni dawa?" Watu wakacheka. Nikasoma ya mkewe, mia mbili na tano. Nikasoma ya shemeji, ambaye zamu ilikuwa yake, mia moja na sitini. Sheria ilinitaka nisome jina na bei tu. Mimi nilisoma na sanduku la posta, polepole, mara tatu, na lilikuwa sanduku moja. Mara ya tatu ukumbi ulinisaidia kulitaja. Wandera alikunja miguu. Nimeishi miaka mingi baada ya siku hiyo na nimepata mambo mema, mume, watoto, cheo, lakini kama ningeambiwa nichague dakika tatu za kurudia ningechagua zile. Kisha nikasoma vijana wa Budalang'i: shilingi tisini na tano. Ukumbi ukavuma. Wandera alikuwa amekwisha, na alijua, na alijua kwamba najua.

Bahasha ya mwisho ilikuwa ya kikundi cha Moding. Niliifungua. Mahali pa bei ya kilo palikuwa pameandikwa mia moja na sabini kwa biro ya buluu, mwandiko wa Mama Amoit wa herufi kubwa kubwa. Nilielewa papo hapo. Kwetu hakuna anayeuza unga kwa kilo. Unga unapimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na yeye aliandika bei ya gorogoro kama alivyoitaja maisha yake yote. Bei yake halisi ilikuwa themanini na tano. Ilikuwa ndogo kuliko zote ndani ya chumba kile. Na bei ikishasomwa haibadiliki. Wanakamati walikuwa wanatia sahihi karatasi nilizokwisha kusoma, mmoja anapiga miayo. Mkononi nilikuwa na biro ya buluu. Neno moja tu pembeni, gorogoro, na geti lingefunguliwa milango yote miwili. Nikainua macho. Wandera hakuwa anaangalia karatasi, alikuwa anaangalia mkono wangu. Alikuwa ameinamia mbele kidogo, kama mtu anayengoja chakula chake kiletwe. Niliona wazi kabisa kitakachofuata akiniona nimeandika: wakili, rufaa, tenda kufutwa, kila kitu kurudi mwanzo, yeye kurudi kiti cha mbele. Nikasoma mia moja na sabini kwa kilo. Mweka hazina wa kikundi, aliyekuwa benchi la nyuma, akatoka nje mbio.

Nikaomba ruhusa nikatoka pia. Mama Amoit alikuwa nje ya geti, upande wa barabara, kama alivyoapa, ameketi juu ya gunia la unga alilolileta kama mfano. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mweka hazina alikuwa amekwisha kumwambia.

"Umesoma mia moja sabini," akasema.

"Ndiyo uliandika, Mama."

"Ya gorogoro."

"Fomu ilisema kilo."

"Hiyo fomu ni ya watu wa wapi? Wewe mwenyewe unga unanunua na nini?"

Boda boda walipita, mlinzi akatutazama kisha akageukia pembeni.

"Uliona hiyo haiwezi kuwa bei ya kilo," akasema.

"Niliona."

"Na biro ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Lakini alikuwa ananiangalia, Mama. Angeshtaki, angeshinda. Sasa hana pa kushika. Amemalizika kabisa."

Aliniangalia bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mimi nilikuambia nataka amalizike?"

Nilianza kusema kitu kuhusu mwaka ujao. Akainuka, akamwita kijana wa boda, wakalipakia lile gunia wao wawili, na nilipotaka kushika upande mmoja akalisogeza. Alipanda nyuma yake, akapanga gauni vizuri. "Haya," akasema. "Umempata. Enda basi."

Sikumfuata. Kupitia dirisha la chumba cha mikutano nilimwona Wandera bado ameketi, mabenchi yamebaki matupu kumzunguka, nami nikatembea haraka kurudi ndani kwa sababu nilitaka kumwona akiinuka.